Taa za Upande wa Yaya

Mtu aliyekusudia kulima hushika jembe lililo karibu naye akaingia shambani. Yule anayepima mpini, akagonga bapa kwa ukucha asikie mlio wake, akalirudisha na kuomba aonyeshwe jingine, mvua humkuta bado yuko sokoni. Ndipo wahenga wakanena kwamba mchagua jembe si mkulima. Bisimwa aliijua methali hii tangu utotoni. Alipokuwa darasa la sita huko Bukavu aliiandikia insha, mwalimu akaisoma mbele ya wenzake na kumpigia makofi. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na methali kukujua wewe ni jambo jingine.

Bisimwa alikuwa mchuuzi wa vitenge jijini Kampala. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Namuwongo, akavuka reli na mzigo begani, akapanda hadi Nakasero, akazungukia ofisi moja baada ya nyingine mpaka jua lilipomchosha. Miguu ilikuwa imemwota sugu kama ya punda. Hata hivyo, kwa kuchagua kitambaa hapakuwa na wa kumshinda. Wenzake walipofika stoo walibeba tu kilichokuwa juu. Yeye alikigeuza kitenge upande wa nyuma aone kama rangi imepenya, akanusa nta yake, akakifumbata ngumini na kukiachilia atazame kama kitabaki na mikunjo. Wateja wake walisema jicho la Bisimwa halidanganyiki. Sifa hizo zilimwingia kama maji mchangani, akaamini kwamba kila kitu duniani kina upande wa nyuma unaopaswa kukaguliwa kwanza.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Guerschom. Walikimbia vita pamoja, Bisimwa akiwa kijana wa miaka kumi na minane na Guerschom mtoto wa miaka minne mgongoni mwake. Walipita katika vijiji ambavyo mpaka leo Bisimwa hataji majina yake. Wazazi wao walibaki huko. Guerschom alikulia Kampala, akawa fundi wa kompyuta, mtu wa mizaha na vidole vyepesi. Kisha, akiwa na miaka ishirini na saba, akaanza kuvimba miguu na kuhema kwa kutembea hatua kumi. Daktari wa hospitali aliwaambia bila kuzungukazunguka.

"Moyo wake umechoka. Asipande ngazi, asibebe kitu. Na raha yoyote anayoitaka, msimnyime."

Basi Guerschom akawa mtu wa kukaa sebuleni kwa kaka yake, mgongo umeegemea mito mitatu, mbele yake kompyuta aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Humo ndani alikuwa na gemu moja tu aliyoipenda.

Jumamosi moja mchana, Bisimwa alipokuwa anatua mzigo, Guerschom alimwita. Alimwita Yaya, kama watu wa Bukavu wanavyomwita ndugu mkubwa.

"Yaya, kaa hapa. Shika padi hii ya pili ya kuchezea. Nimeshakutengenezea mtu wako."

"Gemu gani hiyo?"

"Ya mambo ya kale. Wafalme, ngome, panga. Giza kila mahali."

Bisimwa aliinama kutazama kioo. Aliona anga la rangi ya risasi na majivu yanayodondoka kama mvua ya manyunyu. Aliona kijiji kisicho na mapaa, na mti uliokuwa na vitu vinavyoning'inia ambavyo hakutaka kuvitazama mara ya pili. Katikati ya uwanja palikuwa na kisima. Kando ya kisima walisimama watu wawili: mmoja amevaa deraya, yale mavazi ya chuma ya wapiganaji wa zamani, na mwingine amevaa magunia, ameshika taa isiyowaka.

"Huyu wa magunia ndiye mimi?"

"Kila mtu huanza na magunia, Yaya. Acha majivuno ya vitenge." Guerschom akacheka, kisha akanyamaza kidogo ili pumzi imrudie. Chini ya kioo palikuwa na mstari wa kijani, akamwonyesha kwa kidole. "Hizi ndizo pumzi zake. Akipiga upanga mfululizo zinaisha, inabidi umngoje. Kama mimi tu."

"Na akifa?"

"Anaamka kisimani, anaanza tena. Ndiyo raha yake."

Bisimwa hakucheka. Moshi wa kijiji kile ulikuwa wa kuchorwa tu, lakini puani mwake alisikia harufu yake. "Tuliyoyaona hayatoshi?" aliuliza. "Kwa nini ukae na mambo haya, na moyo wako huo?"

"Huku angalau nina upanga."

Maneno hayo yalimchoma Bisimwa. Akaiweka padi juu ya mkeka taratibu, kama mtu anayerudisha kitenge ambacho rangi haikupenya. "Nitakutafutia iliyo nzuri zaidi," alisema. "Ya giza kama unavyopenda, lakini safi. Ya kufaa mgonjwa. Halafu tutacheza wote."

"Hii inatosha, Yaya."

"Nisubiri tu."

Nyuma ya reli palikuwa na kibanda cha Akeyo, mwanamke wa Kisumu aliyekuwa na ulimi mkali na roho laini. Kazi yake ilikuwa kunakili filamu na gemu. Mteja alikuja na flashi yake, akachagua kutoka kwenye orodha, akaondoka. Wengi walimaliza shughuli hiyo kabla chai ya Akeyo haijapoa. Bisimwa alikuja Jumatatu, akakaa mpaka chai ikaota ngozi.

Alionyeshwa gemu ya kwanza, akasema majoka yake yanang'aa kama vyombo vya harusi. Ya pili ilikuwa na ngome nzuri, lakini wapiganaji walikatwa vichwa. Ya tatu ilichezwa na mtu mmoja tu. Kila picha ilipotokea alisogeza uso karibu na kioo, na mara moja Akeyo alimwona akikipapasa kwa kidole gumba.

"Bwana Bisimwa, hicho si kitenge. Utaniachia mafuta kwenye kioo."

"Niambie, dada. Katika hii kuna vijiji vinavyochomwa?"

"Gemu ya giza, ya enzi za panga, isiyo na kijiji kilichochomwa? Aki, wewe unataka samaki asiye na mwiba."

Alirudi Alhamisi, akarudi tena wiki iliyofuata. Mwishowe Akeyo alichukua daftari, akaandika masharti ya mteja wake na kumsomea kwa sauti ya karani wa mahakama. Giza liwepo, ila lisizidi. Ngome iwepo, walionyongwa wasiwepo. Wawili waweze kucheza pamoja. Kufa kusiwe kwingi.

"Kufa kusiwe kwingi!" Akeyo alipiga paja lake kwa kicheko. "Banange! Watu hawa wa Kampala hununua gemu hizi ili wafe mara mia, wewe unataka punguzo. Unachagua kama mtu anayetafuta mke wa tatu huku wawili wa kwanza wakimtazama. Ni ya nani hasa?"

"Ya mdogo wangu. Moyo wake umevimba."

Kicheko kilikatika. Akeyo akafunga daftari. "Amekuomba umletee?"

"Ana yake ya zamani. Anataka tucheze hiyo. Mbaya sana, dada, imejaa..." Bisimwa hakumaliza.

"Basi nenda nyumbani ukacheze hiyo."

"Mgonjwa hapewi chochote tu."

"Mgonjwa hapewi chochote tu," Akeyo alirudia polepole. "Lakini usimnyime vyote."

Bisimwa aliondoka bila kumuaga. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kutwa nzima alipanda ngazi za Nakasero akiwachekea watu wasionunua. Jioni, kabla ya kufika mlangoni, alianza kusikia kikohozi cha Guerschom, na miguu ikamwia mizito kama ameitia saruji. Kukaa kwenye mkeka ule, bega kwa bega, na kuona mstari wa kijani ukipungua, hilo hakuliweza. Kutafuta aliweza. Anayetafuta ana safari, na mwenye safari hawezi kuulizwa kwa nini hakai.

Mwezi ukapita, na wa pili ukaingia. Siku moja aliwahi kurudi kwa sababu ya mvua, akasikia vicheko tangu uani. Alimkuta mkewe, Julienne, ameketi kando ya shemeji yake, mikono ina unga wa muhogo mpaka viwiko, padi ya pili imefungwa katika mfuko wa plastiki isichafuke.

"Ruka, Shemeji, ruka!" Guerschom alikuwa akisema.

"Kibonyezo cha kuruka kiko wapi? Nimepiga ukuta! Eh, Mungu wangu, nimekufa tena."

"Mara ya ngapi hiyo?" Bisimwa aliuliza.

"Nani anahesabu, Baba Estelle?" Julienne alijibu bila kugeuka. Estelle ni binti yao, aliyekuwa shule ya bweni. "Mimi sijui hata upanga unashikwaje. Lakini tumeshakaribia daraja."

Bisimwa alitazama kioo. Palikuwa na mpiganaji wa tatu sasa, mwanamke mwenye rungu. Yule wa magunia hakuonekana.

"Mbona hakupewa yule wangu?"

"Yule ni wako," Guerschom alisema. Sauti yake ilikuwa imekonda, maneno yanatoka mawili mawili. "Yuko kisimani. Anakusubiri. Kaa basi, Yaya."

"Nakaribia kuipata. Imebaki kidogo tu."

Julienne aligeuka akamtazama mumewe.

Na kweli, wiki ile ile Bisimwa aliipata. Akeyo mwenyewe aliipokea kutoka kwa mtu wa Nairobi. Ilikuwa na ngome juu ya mlima wenye theluji, misitu myeusi, wapiganaji wawili wanaolindana kwa ngao, na hapakuwa na kijiji hata kimoja. Bisimwa aliikagua saa nzima. Aligeuza upande wa nyuma, hakuona kasoro. Furaha yake ilikuwa kama ya mwindaji aliyeona swala baada ya siku saba.

"Ila ni nzito," Akeyo alimwonya. "Kompyuta ya vipande vipande haitaibeba. Inahitaji kadi ya picha yenye nguvu, kile kipande cha ndani kinachochora vitu kiooni. Chukua gemu ndogo kwa sasa."

"Nimefika mpaka hapa, nichukue ndogo?"

Akainakili gemu kwenye flashi, akaenda mjini kutafuta kadi. Wauzaji walikuwa wengi katika jengo moja la mafundi wa kompyuta, na kadi zilikuwa za kila namna. Siku ya kwanza aliziangalia. Siku ya pili alizilinganisha. Asubuhi ya siku ya tatu, alipokuwa anavaa viatu, Guerschom alimwita kutoka kwenye mito. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Yaya, leo usiende."

"Leo ndiyo siku yenyewe. Nakuja nayo mchana. Utaona!"

"Haya." Guerschom alifumba macho. "Usikimbie tu. Mvua imenyesha, kuna utelezi."

Bisimwa alinunua kadi saa tisa. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alipanda boda boda, flashi mfukoni, kadi imekumbatiwa kifuani kama kifaranga. Alishuka kwenye reli wakati adhana ya alasiri ikiteremka kutoka kilima cha Kibuli. Alipokata kona ya mwisho aliona viti vya plastiki vya jirani vimetolewa nje. Aliwaona wanawake wa Bukavu wamejifunga vitenge kiunoni, wameketi chini, miguu wameinyoosha. Vitenge vyenyewe alivijua, alikuwa amewachagulia yeye. Hapakuwa na haja ya kuambiwa.

Julienne alimpokea mlangoni. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyebeba mtungi mrefu kichwani na kuambiwa bado hajafika.

"Saa nne aliniuliza uko wapi. Nikamwambia uko njiani. Saa sita akaniuliza tena. Nikamwambia uko njiani."

"Nilikuwa njiani," Bisimwa alisema.

"Ndiyo," Julienne akasema. "Ulikuwa njiani."

Walimzika kesho yake. Wageni walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka. Kadi ile ilikaa juu ya kabati ndani ya boksi lake. Bisimwa alirudi Nakasero na mzigo wake, lakini jicho lake lilikuwa limezimika. Alipofika stoo alibeba kilichokuwa juu.

Kwa desturi yao, siku ya arobaini huondolewa matanga, na vitu vya marehemu hugawiwa ndugu na marafiki. Mzee Tresor, aliyekuwa mkubwa wa watu wa kwao pale Namuwongo, alitandaza mkeka. Juu yake viliwekwa koti la Guerschom, viatu, redio, bisibisi zake katika mfuko wa ngozi, ile kompyuta na padi zake mbili. Akeyo naye alikuwepo, ameketi karibu na mlango.

"Kaka mkubwa huchagua kwanza," Mzee Tresor alitangaza. "Bisimwa, mwanangu, chukua muda wako. Chagua kinachokufaa."

Watu walimngoja. Wengi walimjua kwa kuchagua kwake, na mmoja akanong'ona kwamba leo watakesha. Bisimwa alitazama vitu vile. Akafumba macho, akanyoosha mkono, akashika kilichokuwa karibu. Ilikuwa padi ya pili, na waya wake ukavuta kompyuta pamoja nayo.

"Hivi vinatosha," alisema.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada aliketi kwenye mkeka, mito mitatu kando yake, akawasha. Gemu ilipofunguka ilimwonyesha majina matatu na muda ambao kila mmoja ameucheza. Guerschom: saa mia moja na kumi na moja. Shemeji: saa tisa. Yaya: saa sifuri.

Alibonyeza jina la mwisho. Mtu wa magunia alikuwa pale pale kisimani, na taa yake isiyowaka, mabegani amejaa majivu. Bisimwa alimsogeza hatua moja, akajikwaa, akamsogeza ya pili. Mbele palikuwa na kile kijiji kisicho na mapaa. Alijikaza kama mtu anayetonesha kidonda, akaingia.

Hakukuta giza alilolitarajia. Kando ya njia, kila baada ya hatua chache, palikuwa na nguzo fupi ya mawe na juu yake taa inayowaka. Ziliwaka kupita nyumba za kwanza, zikaupita mti ule, zikaingia msituni, moja baada ya nyingine.

"Hizi taa ziko hivi tangu mwanzo?" aliuliza.

Julienne alikuwa anasonga ugali mlangoni. Mwiko wake ulisimama. "Tangu mwanzo zimezimwa zote. Kila moja ina zimwi lake la kupigana nalo kwanza. Mchezo wenyewe haukuhitaji tuziwashe, tungeweza kupita njia ya juu. Lakini yeye alikataa. Kila siku alisema, Shemeji, leo tuwashe za upande wa Yaya, yeye halipendi giza. Akiishiwa pumzi tunapumzika, halafu tunawasha nyingine."

Bisimwa alimpeleka mtu wake kutoka taa hadi taa, polepole, akimngoja kila mstari wa kijani ulipopungua. Walipita misitu na makaburi, na hakuna kitu kilichowashambulia, kwa kuwa kila kilichokuwepo kilikwisha kushindwa na mgonjwa mmoja na mwanamke mwenye unga mikononi. Hivyo wakafika darajani. Kwenye ukingo palikuwa na nguzo ya mwisho inayowaka. Nguzo iliyofuata, katikati ya daraja, ilikuwa imezimwa.

Hapo akasimama kwa muda mrefu. Kisha akapiga hatua. Kitu kikubwa kilitoka gizani, kikamwangusha kwa pigo moja, na kioo kikawa cheusi. Mtu wa magunia akaamka kisimani, peke yake.

"Umekufa?" Julienne aliuliza.

"Nimekufa."

"Rudi basi. Daraja si mbali."

Alikuja akaketi kando yake na mikono yake ya unga, akachukua padi ya Guerschom. Bisimwa alimsogeza mtu wake tena kuelekea taa ya kwanza. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ila hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Juu ya kabati, ndani ya boksi ambalo halikufunguliwa, ilikuwapo kadi nzuri kuliko zote, na kando yake flashi yenye gemu isiyo na kasoro hata moja. Msimu wa kulima ulikuwa umepita. Kweli, mchagua jembe si mkulima.